Nani Kaharibu Picha? Kupima filamu ya kijasusi kwenye diski ya 4K

Tarehe 4 Desemba 2018, siku ile ile filamu ya kijasusi ya Mission: Impossible – Fallout ilipoingia madukani kwa diski nchini Marekani, Tom Cruise aliweka video fupi mtandaoni. Alikuwa kazini, akirekodi Top Gun: Maverick, na pembeni yake alisimama Christopher McQuarrie, mwongozaji wa Fallout. Mtu angetegemea wainadi filamu yao: mbio za pikipiki za Paris, helikopta, kifundo cha mguu alichovunja Cruise akiruka kutoka paa hadi paa jijini London. Hawakufanya hivyo. Waliwasihi watazamaji wafungue menyu za televisheni zao na kuzima kitu kimoja, ulainishaji wa mwendo, kwa sababu unaharibu filamu kabla mtu hajaiona.

Walikuwa na haki ya kuhangaika. Filamu ya kijasusi ni mtihani mgumu kwa mtambo wowote wa nyumbani: giza na taa kali ndani ya fremu moja, kamera inayokimbia, mikato ya haraka, mnong'ono unaofuatwa na mlipuko. Mtu akinunua diski, akaitia kwenye deki, picha ikamkera, husema diski mbovu. Mara nyingi anaisingizia.

Kati ya kamera na macho yako filamu hupita mikononi mwa watu wengi, lakini kwa hukumu ya diski inatosha kuwagawa mafungu manne. Kuna waliopiga picha yenyewe. Kuna waliotengeneza nakala kuu ya kidijitali kutokana na picha hiyo. Kuna waliobana nakala hiyo ili ienee kwenye diski. Halafu upo wewe, na deki yako, na televisheni yako. Kila fungu linaweza kuharibu, na kila uharibifu una alama zake. Anayejua kuzisoma alama hizo hatafuti mchawi asiyekuwepo. Tuanzie sebuleni, tulipo, turudi nyuma hadi kwenye kamera.

Filamu nyingi hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Televisheni ya kisasa huonyesha picha mara 60 au 120 kwa sekunde, na watengenezaji wake waliona pengo hilo ni nafasi ya kujionyesha. Kompyuta iliyomo ndani inatazama fremu mbili zilizofuatana, inakisia kilichokuwa kati yake, kisha inabuni fremu mpya na kuzichomeka. Kwa mpira wa miguu si vibaya. Kwa filamu, mwendo unakuwa laini kupita kiasi, na kazi iliyogharimu mamilioni ya dola inaonekana kama igizo la studio lililorekodiwa mchana mmoja.

Chukua lile pambano la chooni kwenye Fallout, Cruise na Henry Cavill wakimkabili Liang Yang. Vigae ni vyeupe, mikono inakwenda kasi, mkato unafuata mkato. Kompyuta ya televisheni haina namna ya kukisia vizuri ngumi iliyoingia kwenye fremu moja na kutoweka kwenye inayofuata, kwa hiyo kando ya mkono hutokea ukungu unaotetemeka juu ya weupe wa ukuta. Ukiuona ukungu huo, usiilaumu diski. Chukua rimoti. LG wanauita ulainishaji huo TruMotion, Sony wanauita Motionflow, Samsung waliuita Auto Motion Plus, na kwenye televisheni zao mpya zaidi Picture Clarity. Mwaka 2019 baadhi ya kampuni zilikubaliana kuweka kitufe kimoja kinachozima takataka zote kwa pamoja, kinachoitwa Filmmaker Mode. Kama televisheni yako haina, tafuta mtindo wa picha unaoitwa Cinema au Movie. Mitindo ya Vivid na Dynamic iache dukani. Kazi yake ni kushindana na televisheni nyingine kumi ukutani chini ya taa kali, si kuonyesha uso wa mtu ulivyo.

Ukali wa picha nao ushushwe, kwenye televisheni nyingi hadi sifuri au karibu yake. Kipimo hicho hakiongezi undani wowote. Kinachora mstari mweupe kwenye kingo za vitu ili jicho lidanganyike. Angalia ukingo wa jengo linalopakana na anga: ukiona mwanga mwembamba unaoambatana na ukuta, hapo kuna uchoraji wa televisheni yako. Ukiwa umeshusha kipimo na mwanga bado upo, ndipo uanze kuishuku diski.

Kuna swali la umbali ambalo wauzaji hawapendi kuligusa. Kwenye televisheni ya inchi 55, pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ya Blu-ray ya kawaida ina upana wa milimita 0.63 hivi. Jicho zima la kawaida linashindwa kuitenga pikseli hiyo na jirani yake ukikaa zaidi ya mita 2.2. Sebule nyingi kochi liko mita 3. Hapo ongezeko la pikseli kutoka 1920 kwa 1080 za Blu-ray hadi 3840 kwa 2160 za diski ya 4K linakuwa dogo kuliko bei inavyodai. Faida ya diski ya 4K ipo, ila kwa mkaaji wa kochi la mbali inatoka kwenye mwanga na rangi zaidi ya pikseli.

Hapo ndipo inapoingia HDR, mfumo wa picha wenye nafasi kubwa zaidi kati ya giza na mwanga. Blu-ray ya kawaida hutengenezwa kwa mwangaza wa kilele wa niti 100 hivi, niti ikiwa kipimo cha mwangaza wa kioo. Diski za HDR hutengenezwa kwa kilele cha niti 1,000, nyingine 4,000, ingawa sehemu kubwa ya picha hubaki kwenye mwangaza wa kawaida, na ile ziada hutunzwa kwa jua, moto, taa za gari na mng'ao wa chuma. Hatua za rangi pia huongezeka. Blu-ray ina ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi, diski ya 4K ina 1,024. Tofauti hiyo utaiona kwenye anga la jioni. Pale ngazi zinapokuwa chache, anga hukatika mistari mistari kama ngazi za nyumba badala ya kuyeyuka taratibu kutoka chungwa hadi buluu nzito.

Fallout ina tukio linalofaa kwa kipimo hiki mapema kabisa: makabidhiano ya plutoniamu usiku jijini Berlin, watu wamesimama gizani, taa za gari zikiwapiga. Kwenye televisheni inayoweza, taa zinachoma na koti jeusi bado lina mikunjo yake. Kwenye televisheni isiyoweza, unachagua hasara: ama taa zinakuwa bonge jeupe lisilo na umbo, ama picha nzima inafifia. Na hapa nataka niseme wazi, kwa sababu watu wanapoteza fedha. Televisheni nyingi za bei nafuu zenye kibandiko cha HDR hupokea ishara ya HDR bila kuwa na mwangaza wa kuionyesha. Mtu anaweka diski ya 4K, alama ya HDR inatokea pembeni, na picha inakuwa na giza kuliko Blu-ray ya filamu hiyo hiyo. Kwa televisheni ya aina hiyo, Blu-ray ya kawaida ni ununuzi bora, na hakuna aibu yoyote kuinunua.

Diski ya Fallout imebeba HDR10 pamoja na Dolby Vision. Ya kwanza inaipa televisheni maelekezo ya jumla ya filamu nzima. Ya pili inaipa maelekezo kwa kila tukio, jambo linaloisaidia televisheni yenye uwezo wa kati kujua lini ibane na lini iachie. Ila deki nayo ina neno lake. PlayStation 5 yenye kitundu cha diski inacheza diski za 4K vizuri lakini haitoi Dolby Vision. PlayStation 4, hata ile ya Pro, haisomi diski ya 4K kabisa, inaishia kwenye Blu-ray ya kawaida. Watu wamenunua diski kwa kuamini kwamba mashine inayocheza michezo ya 4K lazima icheze na diski zake. Xbox One S na Series X zinazisoma.

Malalamiko mengine yanayoiandama Fallout ni kwamba picha "inarukaruka": mara kuna pau nyeusi juu na chini, mara zimetoweka. Hiyo haikuwa ajali. Sehemu kubwa ya filamu ina umbo la 2.39 kwa 1, ambalo kwenye televisheni ya kawaida huacha karibu robo ya kioo ikiwa nyeusi. Matukio yaliyotengenezwa kwa ajili ya kumbi za IMAX (zenye vioo vikubwa vya sinema), kama kuruka na parachuti na mbio za helikopta, yana picha ndefu zaidi juu na chini, na diski imeyabakiza hivyo. Cruise anapotoka mlangoni mwa ndege, picha inafunguka hadi karibu kukijaza kioo. Mimi naona huo ni uamuzi bora wa diski hii kuliko mwingine wowote, maana huduma nyingi za nyumbani zingekata kila kitu kiwe sawa ili mtu asiulize maswali. Skyfall, filamu ya James Bond ambayo nayo ilionyeshwa IMAX kwa picha ndefu zaidi, ilikuja kwenye Blu-ray ikiwa na pau zake mwanzo hadi mwisho.

Tukio hilo la kuruka linafundisha jambo jingine. Hadithi inasema ni juu ya Paris, lakini lilipigwa Abu Dhabi, kutoka futi 25,000, wakati jua limezama na mwanga haujaisha. Dirisha la mwanga huo lilikuwa la dakika 3 hivi kwa siku. Cruise aliruka zaidi ya mara 100 mpaka wapate walichotaka, akiwa na kofia iliyotengenezwa maalumu yenye taa ndani ili uso uonekane, huku mpigapicha Craig O'Brien akianguka mbele yake na kamera ya kidijitali kichwani. Radi ziliongezwa baadaye kwa kompyuta. Mitaa ya Paris, kwa upande wake, ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, ile ya ukanda wenye kemikali. Kwa hiyo diski moja ina picha za aina mbili. Angani picha ni safi, haina chembe. Mitaani kuna chembe ndogo ndogo zinazocheza juu ya kila kitu, hasa kwenye kuta za kijivu na kwenye anga lililo juu ya mitaa hiyo. Mtazamaji asiyejua hudhani ni chenga za antena mbovu, akaandika kwamba diski ina ubora unaopanda na kushuka. Chembe hizo ni mawingu madogo ya rangi kwenye ukanda wenyewe, yaliyoachwa na fuwele za fedha ukanda uliposafishwa. Undani wa picha umebebwa na hizo chembe. Ukizifuta, umefuta na undani.

Lililo gumu ni kuzibana. Picha ya 4K ya diski isiyobanwa ingehitaji biti karibu bilioni 3 kwa kila sekunde. Diski yenye nafasi ya gigabaiti 100 inaruhusu kasi isiyozidi biti milioni 128 kwa sekunde, na wastani wa filamu huwa chini ya hapo, tuseme milioni 60. Maana yake kati ya kila biti 50 inabaki 1. Inawezekana kwa sababu fremu zinafanana: ukuta uliokuwa hapa sekunde iliyopita bado uko hapa, kwa hiyo diski inahifadhi ukuta mara moja na baadaye inaandika tu kilichobadilika. Chembe za filamu zinaukataa mpango huo. Hazirudii mahali zilipokuwa, kila fremu zina mpangilio mpya, na mashine ya kubana inaziona ni habari mpya kila mara. Ikipewa biti za kutosha inazihifadhi. Ikibaniwa, inazigeuza kuwa viraka vya mraba vinavyotambaa, hasa kwenye moshi, maji na vivuli.

Ndiyo maana filamu hiyo hiyo mtandaoni, hata ikiandikwa 4K, si kitu kile kile. Huduma za kutazama mtandaoni kwa kawaida hutuma picha ya 4K kwa biti milioni 15 hadi 25 kwa sekunde. Pikseli ni zile zile, chakula cha kuzilisha ni robo hadi asilimia 40 hivi. Katika tukio tulivu la watu wanaoongea huoni tofauti. Katika mbio, ndani ya moshi, unaiona, na filamu ya kijasusi ni mbio na moshi.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi aliyekulia kwenye DVD za "filamu nane kwa moja" anaijua hali hii kwa macho, hata kama hakuwahi kupewa hesabu yake. DVD ya tabaka moja ina gigabaiti 4.7. Gawa kwa nane, kila filamu inapata chini ya gigabaiti 0.6, ambayo kwa saa mbili ni biti kama 650,000 kwa sekunde. Ndiyo maana James Bond akikimbia alikuwa anageuka vipande vya mraba, kisha akisimama uso unarudi. Mashine ilikuwa inangoja atulie ili ipate nafuu ya kumchora.

Na kwa waliozoea DVD halali za mfumo wa PAL, mfumo wetu na wa Ulaya, kuna jambo ambalo Blu-ray imelimaliza. PAL inataka fremu 25 kwa sekunde, filamu ina 24, na suluhisho la kawaida lilikuwa kuikimbiza filamu kwa asilimia 4. Filamu ya dakika 147 kama Fallout inakwisha kwa dakika 141, na sauti za watu zinapanda wembamba kidogo zisiporekebishwa. Blu-ray na diski za 4K huhifadhi fremu 24 kama zilivyo. Vizuizi vya maeneo, vinavyozuia diski ya sehemu moja ya dunia kucheza kwenye deki ya sehemu nyingine, navyo vimepungua. DVD iliiweka Afrika Mashariki eneo la 5, Blu-ray ikatuweka eneo B pamoja na Ulaya, diski za 4K hazina eneo. Angalia tu kwamba boksi likiwa na diski mbili, ile Blu-ray ya kusindikiza inaweza kuwa imefungwa kwa eneo jingine hata kama ya 4K iko huru.

Sauti nitaipitia haraka, si kwa sababu ni ndogo, bali kwa sababu kwenye Fallout haina mgogoro. Diski ina Dolby Atmos, sauti inayomzunguka msikilizaji hadi juu ya kichwa, iliyohifadhiwa bila kupoteza chochote, kwa kasi ya megabiti kadhaa kwa sekunde, wakati Atmos ya mtandaoni huja kwa kilobiti mia chache. Rudi kwenye pambano la chooni: halina muziki. Kilichopo ni viatu kwenye vigae, pumzi, bomba, kioo kinachovunjika. Ukiwa na spika za pembeni utasikia chumba kilivyo kidogo na kigumu. Kama una spika za televisheni pekee, usitegemee hilo, na kama mazungumzo yanazama chini ya milipuko, tafuta mpangilio wa usiku kwenye deki au saundibaa kabla hujaandika kwamba diski imechanganywa vibaya. Nyongeza zake ni za kweli. Kuna mkondo wa sauti unaobeba muziki wa Lorne Balfe peke yake, na maelezo ya McQuarrie na mhariri Eddie Hamilton yanayozidi kozi nyingi za uhariri.

Sasa twende kwenye nakala kuu, ambako uharibifu ukitokea hakuna rimoti inayoweza kuutibu. Kwa hilo inabidi tuiache Fallout tushike filamu nyingine ya kijasusi, True Lies ya James Cameron, ya 1994, Arnold Schwarzenegger akiwa jasusi ambaye mkewe, Jamie Lee Curtis, anamdhania muuza kompyuta.

Wapenzi wa filamu hii walingoja sana. DVD ya Marekani ya 1999 ilikuwa ya ule mtindo wa zamani ambapo pau nyeusi zimechongwa ndani ya picha yenyewe, hivyo kati ya mistari 480 ya DVD, filamu ilibakiwa na kama 270. Enzi nzima ya Blu-ray ikapita Marekani bila toleo rasmi. Hatimaye Machi 2024 ikatoka diski ya 4K, mistari ya picha ikafika kama 1,600. Kwenye karatasi hiyo ni sherehe.

Sherehe haikudumu. Nakala kuu ilipitishwa Park Road Post, kampuni ya Peter Jackson iliyoko Wellington, New Zealand, ambayo ilikuwa imejijengea jina kwa kusafisha picha chakavu za Vita Kuu ya Kwanza na za bendi ya Beatles kwa kompyuta zilizofunzwa kwa mifano mingi. Programu za aina hii zinafuta chembe, kisha zinachora upya kingo na undani kwa kukisia undani huo ulikuwaje. Kwa picha ya 1916 iliyokwaruzwa, hilo linaweza kuokoa uso usioonekana. Kwa True Lies, iliyopigwa na mpigapicha stadi Russell Carpenter kwa lenzi nzuri na ukanda mzima, hapakuwa na majeruhi wa kuokoa.

Ukweli ni kwamba True Lies ina chembe nyingi, na zina sababu. Ilipigwa kwa Super 35, njia ambayo Cameron aliipenda: kamera inajaza ukanda, halafu kipande cha katikati tu ndicho kinachokuzwa kuwa picha pana ya sinema. Kipande kikikuzwa, chembe nazo hukua. Faida yake ilikuwa kwamba kwa mikanda ya VHS na televisheni za mraba za wakati ule angeweza kufungua picha juu na chini badala ya kukata pande zote. Walioiona kwenye mkanda wa video miaka ya tisini, katika matukio mengi yasiyo na hila za kompyuta, waliona dari na sakafu ambazo ukumbini hazikuonekana. Kwa hiyo chembe za True Lies ni matokeo ya uamuzi wa mwongozaji mwenyewe, na watu wa 1994 waliziona.

Tazama diski ya 2024 kwa karibu, uso ukiwa mkubwa kwenye kioo. Ngozi ina ulaini wa nta. Vinyweleo havipo, lakini kope na nyusi zina kingo kali mno, kana kwamba zilichorwa kwa kalamu juu ya ngozi. Nywele zinaungana kuwa vishada, kisha kishada kimoja kinakatika ghafla pale programu ilipokosa uhakika. Nyuma yake, mtu aliye nje ya fokasi ana macho makali kuliko umbali wake unavyoruhusu. Hakuna lenzi inayofanya hivyo. Ukikutana na uso uliolainika na ukali usio wa kawaida kwa pamoja, hiyo ndiyo alama ya nakala kuu iliyochakatwa kupita kiasi, na huwezi kuichanganya na ubanaji mbaya, ambao huleta viraka vya mraba, wala na televisheni, ambayo huleta mstari mweupe kandokando ya vitu.

Ugonjwa huu si mpya. Blu-ray ya Predator ya 2010 ilifutwa chembe mpaka makomandoo wa Schwarzenegger wakafanana na wanasesere, na diski ile imebaki mfano wa kuonyesha watu. Kilichobadilika ni kwamba programu ya zamani ilifuta tu. Ya sasa inafuta na kubuni, na ubunifu wake unawapendeza watu wengi mara ya kwanza. Nimesoma watazamaji wanaosema True Lies haijawahi kuonekana "safi" hivi, na siwabezi. Kwenye televisheni ndogo, kwa mbali, rangi zimechangamka na kila kitu kinaonekana wazi. Wanapima kwa usafi. Ila usafi ni kipimo cha kamera ya simu. Kipimo cha diski ni kama picha iliyo mbele yako ndiyo waliyoipiga.

Hapo linakuja swali gumu zaidi, na sidhani lina jibu jepesi. Cameron mwenyewe ameitetea kazi hii, tena kwa maneno makali. Ikiwa mwongozaji anasema hivi ndivyo anavyotaka filamu yake ionekane, mtazamaji ana haki gani ya kumwambia amekosea? Ana haki ya kumbadilishia mawazo? Hana. Cameron anaweza kuitengeneza upya filamu yake apendavyo. Lakini filamu ni pia kazi ya Carpenter aliyeweka taa, ya waigizaji ambao sura zao zimechorwa upya na programu, na ya watu walioiona ukumbini 1994. Mwongozaji akitoa toleo jipya na toleo la awali likabaki linapatikana, hakuna aliyedhulumiwa. Toleo jipya likiwa ndilo pekee lenye ubora wa juu, na la awali likiwa limekwama kwenye mistari 270 ya DVD ya 1999, basi historia ya filamu hiyo imehaririwa, hata kama aliyeihariri ni mwenye mali.

Lililofanywa lilifanywa kwenye nakala ya kidijitali. Ukanda wa kamera haukuguswa na programu yoyote, chembe zake ziko pale pale. Disney, ambao wanaimiliki True Lies tangu waliponunua kampuni ya Fox mwaka 2019, wanaweza kutoa diski ya pili ndani ya boksi hilo hilo: filamu ileile, rangi zilezile, bila kuchorwa upya. Boksi la Fallout lina diski tatu na hakuna aliyelalamika kwamba ni nzito. Mpaka hilo lifanyike, anayeitaka True Lies kwa ajili ya kicheko na ndege ya Harrier juu ya Miami ainunue kwa amani, sauti yake ya Atmos inastahili. Anayetaka kuona jinsi Russell Carpenter alivyopiga filamu hiyo asubiri, na awaandikie wenye studio kwamba anasubiri.